Kumi na Moja kwa Mia

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipima tovuti ya marehemu mke wangu kwa kipimo kimoja cha bure cha mtandaoni kinachopima nguvu za tovuti. Kumi na moja kwa mia! Mwanamke aliyeshona miaka thelathini bila kola kupinda. Nimempigia simu mpwa wangu, mtengenezaji wa tovuti. Anasema alama hizo ni makadirio ya kampuni tu, injini ya kutafutia mtandaoni haizitumii, na si za mtihani. Alama hupanda pale tovuti nyingine za maana zinapoweka kiungo cha kuwaleta wasomaji kwako. Nikasema kumi na moja ni kumi na moja. Akasema haya, Mjomba.

Kila asubuhi natafuta "kola isiyopinda". Ukurasa wake hutokea wa tatu kwenye orodha, na picha ya kidole gumba chake chenye subana ya kuzuia sindano. Nikishamwona ndipo nakunywa chai.

Jumanne, 4 Machi
Nimempima fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Thelathini na nne! Mtu anayeacha nyuzi zikining'inia. Nimeipekua tovuti yake na kupata ushahidi. Ameandika: "Kwa kola, someni hapa." Ukibonyeza, unaangukia kwa mke wangu. Kumbe ananyonya nguvu za marehemu! Nimempenyezea barua chini ya mlango, aondoe mara moja. Nimejiona mume hasa.

Alhamisi, 6 Machi
Kaondoa. Nami nimefungua tovuti nane za kumsifu mke wangu, zote zenye kiungo cha kwake. Moja ya mapazia, moja ya kuku, moja nimejifanya daktari.

Jumatano, 19 Machi
Nne kwa mia. Nimetafuta kola, mke wangu hayupo. Nimefungua kurasa za matokeo hadi wa sita ndipo nikakiona kidole. Chai imepoa.

Mpwa amekuja. Alicheka, akaniangalia, akaacha. Kiungo hakinyonyi, anasema. Fundi ni mtu anayesomwa, na alikuwa akiwaelekeza wasomaji wake kwetu. Karibu nguvu zetu zote zilitoka kwake. Zile nane hazisomwi na mtu. "Unajipigia kura mwenyewe, Mjomba."

Alhamisi, 20 Machi
Nimevuka barabara. Fundi ameitoa barua yangu kwenye droo ya cherehani, imekunjwa vizuri. Hakunigombeza.

"Shemeji, kola nilifundishwa na dada, mkeo," amesema. "Mchana, ukiwa kazini. Nilikuwa nawapeleka watu kwa mwalimu wangu."

Ndiyo maana nyumbani kulikuwa na stuli ya pili pale kwenye cherehani ya mke wangu. Miaka yote hiyo nilidhani ni ya kuwekea vitambaa.

Amekirudisha kiungo nikiwa nimesimama. Nikamkatia uzi mmoja uliokuwa ukining'inia.

Jumamosi, 12 Aprili
Kumi na moja! Na wa tatu tena. Nimekitazama kidole, nimekunywa chai ya moto.

Kisha nikampima fundi. Thelathini na tano. Amepata wapi hiyo moja? Haiwezi kutoka pengine ila kwetu.

Nimechukua karatasi. Barua ya safari hii itakuwa ya upole, maana ni shemeji.