Kipoza Oili cha Bi Mkunga

Marashi alipoliona gari la Bi Mkunga limesimama kando ya barabara, boneti wazi, likifuka moshi, alimshukuru Mola kwa riziki, ijapokuwa shukrani ya namna ile haijulikani hupokelewa mlango gani. Jina la Marashi alilipata kwa kuwa harufu yake ilibaki nyumbani mwa mtu hata yeye alipokwisha kuondoka, na aghalabu ndiyo iliyokuwa kitu pekee kilichobaki.

Kwa ulimi uliolainika kama samli, alimweleza yule mkunga mstaafu kwamba oili ya gari lake ilikuwa inaungua. Dawa yake ni kipoza: mfano wa rejeta ndogo, hufungwa mbele, oili ikapita humo, ikapigwa na upepo, kisha ikarudi kwenye injini imetulia. Yeye angemfungia nyumbani kwake, kwa nusu ya bei ya dukani. Bi Mkunga, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule, aliposikia neno nusu alikubali papo hapo.

Kesho yake asubuhi Marashi alikwenda duka la vipuri akaazima kipoza cha kweli, kwa madai kwamba tajiri mmoja alitaka kukiona kabla ya kununua kumi. Rehani aliiacha pikipiki yake nyekundu, aliyoipenda kuliko ndugu zake.

"Kipoza kisiporudi kabla ya alasiri, pikipiki ni yangu," alisema mwenye duka.

Hila yenyewe ilikuwa nyepesi. Ndani ya begi ulilala wavu wa nyuma ya jokofu bovu, uliopakwa rangi nyeusi. Mwenye gari angeonyeshwa kipoza cha kweli. Angeingia ndani mara moja tu, na gari lingefungiwa wavu.

Bi Mkunga hakuingia ndani. Aliketi barazani mbele ya gari, miwani puani, karatasi ya maelekezo iliyokuja na kipoza mkononi, na kile kipoza amekipakata kama mtoto mchanga.

"Kilete, mama, nikifunge," alisema Marashi.

"Bado. Karatasi inasema kwanza oili imwagwe."

Oili ikamwagwa. Marashi akaomba maji ya kunywa. Jagi lilikuwa miguuni pa bibi. Akadai amesikia simu inalia chumbani.

"Iache ilie. Mwanangu, miaka thelathini na minne sijapata kutoka chumbani kabla mtoto hajatoka. Ingia chini ya gari."

Akaingia, na shati lake jeupe likaingia naye. Akafungua chujio la oili, akatia kisahani cha kuunganishia mipira ya kupitishia oili, akarudisha chujio juu yake. Nati ya mwisho ilipomgomea, akasikia sauti ya upole kutoka barazani: "Usizuie pumzi, mwanangu. Vuta hewa, kisha sukuma."

Akasukuma. Mikono ile, ambayo tangu utotoni haikuwahi kumaliza kazi ya halali, ikashangaa kujikuta inaiweza. Hapo ndipo bibi alipomkabidhi kipoza, wala hakuondoa macho hadi kilipokazwa mbele ya rejeta. Oili mpya ikajazwa, injini ikawashwa, na bibi akapitisha kitambaa cheupe kila penye kiungo. Hapakuwa na hata tone.

"Hongera," alisema. "Umejifungua salama."

Marashi alidai kifaa sharti kifunguliwe tena kikapimwe kwenye mashine. Bibi akasoma karatasi juu hadi chini, akasema mashine haikutajwa. Akamlipa ile nusu ya bei, na kwa kuwa alasiri ilikaribia, akajitolea kumfikisha aendako. Marashi akataja duka la vipuri. Tumaini lake la mwisho lilikuwa kwamba mwenye duka angekiona kipoza chake na kukidai kwa ukali.

Mwenye duka alitoka, akakiona, akafumbua kinywa. Kisha akamwona aliyeshika usukani, akakifumba, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mwaka mzima nakuomba kitu hiki, kila siku kesho. Asubuhi nimeuona muhuri wa duka lako kwenye karatasi, nikasema kumbe umenitumia na fundi."

Ni mwanamume gani atakayemwambia mama wa mkewe afungue boneti arudishe? Mwenye duka alisema ni zawadi. Bibi akamwagiza Marashi ampe mkwe wake zile fedha. Mwenye duka akamwambia Marashi rehani ni rehani, na ufunguo wa pikipiki nyekundu ukatumbukia mfukoni mwake.

Marashi alibaki ameshika begi lake la wavu.

"Panda," alisema bibi. "Funga vingine vitatu kama hiki, mkwe wangu atakurudishia pikipiki. Jirani yangu gari lake linachemka pia. Anatungoja."

Marashi akapanda, akauliza kwa sauti ndogo iwapo jirani huyo naye ni mkunga.

"La," alijibu Bi Mkunga, akitia gia. "Ni hakimu mstaafu."