Mbuni wa Kulinda Milango

Jumatatu, 4 Machi

Wameiba tena! Safari hii wamechukua bawaba kumi na sita na kitasa cha mlango uliotoka benki. Mlango wenyewe wameuacha umesimama, kwa dharau tu. Mtu aliyeanza na dirisha moja bovu mgongoni, akajinyima hadi akawa na yadi nzima ya milango na madirisha yaliyotumika, hastahili haya. Walinzi nimeshafukuza watatu. Wa kwanza alilala. Wa pili alilala. Wa tatu alilala juu ya mlango ambao tayari nilikuwa nimemuuzia mtu.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, muuza mabati, sote tunamwita Kipara. Ana mbwa wawili. Haibiwi. Leo alikuja kunipa pole akiwa amewashika mbwa wote wawili. Mwenye huruma ya kweli huja bila mbwa.

Mke wangu anasema tuongeze taa. Taa! Taa si itamwonyesha mwizi kitasa kilipo?

Dalali wa magari mabovu ananiambia anamjua mtu mwenye mbuni. Dume, kijana, kalelewa na watu tangu akiwa yai. Teke lake moja ng'ombe chini. Nikapiga hesabu pale pale. Mbwa wawili wanataka nyama, mbuni anakula majani. Mbwa analala, mbuni, kwa mujibu wa dalali, hajui usingizi ni nini. Nikauliza habari za kibali. Akasema kibali ni cha wanyama wa porini, na huyu pori hajawahi kuliona hata kwenye picha. Nikalipa.

Jumanne, 5 Machi

Amefika! Lori likaingia na turubai, na juu ya turubai kichwa, kinageuka huku na huku kama mkaguzi. Mbwa wa Kipara wakabweka mara moja, kisha wakaingia chini ya mabati na hawakutoka hadi jioni. Sijafurahi hivi tangu siku niliponunua yadi.

Mke wangu alitoka ofisini akamtazama kuanzia kucha mpaka utosini, na hapo katikati kuna safari. Akauliza huyu ni mgeni wa siku ngapi. Nikamwambia si mgeni, ni mfanyakazi. Akasema haya, basi nimwonyeshe choo kilipo.

Jambo moja tu. Nilisikia madume ni weusi, huyu ni wa rangi ya kahawia. Dalali anasema ni vumbi la safari. Mvua ikinyesha atarudi kwenye rangi yake.

Alhamisi, 7 Machi

Hatulii! Kutwa anatembea kandokando ya uzio, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Nami namfuata nyuma kwa sababu ya vioo. Miguu imeniwaka moto. Kipara akauliza kwa sauti, barabara nzima isikie, kati yetu nani anamlinda nani.

Halafu anameza. Skrubu, bawaba ndogo, kipini cha shaba, nusu ya penseli yangu na ile nusu nyingine niliyokuwa nimeificha sikioni. Makomeo ndiyo anayoyapenda hasa. Kwa siku mbili amekula vyuma vingi kuliko alivyoiba mwizi mwezi mzima. Lakini tusichanganye mambo. Mali aliyochukua mwizi imepotea. Hii bado imo ndani ya yadi.

Nilimweleza mke wangu hivyo. Akasema mteja akitaka komeo atamwelekeza aende kwa ndege akapige hodi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui ni ugonjwa gani huu. Nikimkaribia tu, anainamisha shingo, anatandaza mabawa, anayatetemesha, anagonga mdomo kaa-kaa-kaa, kisha anachutama miguuni pangu. Amefanya hivyo mara nne leo, mara moja mbele ya mteja. Mteja akasema atarudi siku nyingine.

Nikajua ni degedege. Nikampigia simu bwana mifugo, nikamweleza dalili zote, na nyingine nikamwigizia kwa mdomo. Akacheka. Akaomba radhi. Akacheka tena. Akasema huyo si dume hata kidogo, ni jike, na wala haumwi. Mbuni aliyelelewa na watu huwa anajiona mtu, na akifika umri wa kutaka mwenzi anamtafuta miongoni mwa watu. Amekuchagua wewe, mzee. Akaniuliza kama nimeoa.

Nikaamua palepale kwamba mke wangu asijue. Kugeuka, yuko nyuma yangu ameshika kikombe. Na simu ilikuwa kwenye spika.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya.

Mke wangu aliniletea chai yadini, kama anavyoniletea siku zote. Mbuni akamwona. Akajaza shingo upepo, akatoa mlio kama tairi linalotoboka, akamfukuza! Chai huko, kandambili huko. Mke wangu akakimbilia nyuma ya mlango mkubwa wa mninga, akaufunga, akatia na funguo. Mlango ule umesimama katikati ya yadi. Hauna ukuta. Mbuni akazunguka tu.

Nilicheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kumshauri kwamba kimsingi alikosea kumjia ndege kwa kasi vile. Akanitazama. Akasema, taratibu kabisa, nichague: huyo ndege au yeye. Nikamwomba anipe hadi Jumatatu nipige hesabu.

Nilimaanisha hesabu za hasara nikimuuza! Mtu yeyote angeelewa. Amefunga begi ameenda kwa dada yake.

Jumatatu, 11 Machi

Sasa mtaa mzima unamwita Mke Mdogo. Wapita njia wanasimama kwenye uzio, wanaulizana bi mdogo kaamkaje. Mwenye duka la vioo ameniuliza bi mkubwa kapokeaje.

Kazi haiendi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akijua kipi kiko wapi, tena kichwani tu. Amekuja mtu anataka mlango unaofunguka kushoto. Nimemwonyesha kumi na mmoja, yote inafunguka kulia. Akaondoka kwa kulia. Wateja wanawake ndiyo kabisa. Mbuni hamruhusu mwanamke kunikaribia hatua tano. Hiyo ni nusu ya soko. Mabwana wawili niliobaki nao mmoja kanyang'anywa kofia.

Na Kipara, mtu wa mabati, ameegemeza milango mitatu mbele ya banda lake, na kibao cha chaki: HAPA MKE NI MMOJA.

Nimezunguka yadi mpaka giza likaingia. Nyumbani sukari sikuiona. Nikanywa chai bila sukari, nimesimama. Nikikaa nasikia kimya.

Mkandarasi wa zile nyumba mpya amepiga simu. Alhamisi anakuja kuchukua madirisha arobaini ya kipimo kimoja. Hiyo ndiyo biashara yetu kubwa ya mwaka. Akauliza, mama yupo? Maana nitazungumza na mama. Nikasema yupo.

Jumatano, 13 Machi

Dalali hapokei simu. Jana ilikuwa inaita, leo haiiti kabisa.

Nimeenda kwa shemeji, dada yake mke wangu, nikiwa na mlango wa jikoni mzima begani kama zawadi. Shemeji akanisimamisha getini. Akauliza aliyekuja ni mume au mfugaji. Nikasema shemeji, nifungulie, mlango huu ni mzito. Akasema hata dada yake alibeba mizito.

Mke wangu alikubali kutoka. Macho yamemvimba kidogo. Kesho atakuja kwa ajili ya mkandarasi, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini akiona hata unyoya mmoja wa yule ndege, nisimfuate tena, wala nisimtume mtu. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningelala vizuri zaidi.

Nikaapa.

Ninao mpango! Ile milango kumi na mmoja inayofunguka kulia nimeisimamisha nyuma kabisa ya yadi, nimeipigilia pamoja kwa mbao, juu nikatandika turubai. Chumba kamili. Imara. Mbuni ndani, majani ndani, maji ndani. Hakuna atakayejua. Halafu wanasema sijui kutumia bidhaa zisizouzika.

Alhamisi, 14 Machi

Maafa.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Mke wangu kaja na kitenge kile cha buluu. Mkandarasi kaja, katandaza michoro yake chini, kaizuia upepo kwa bawaba. Wakapima madirisha. Thelathini na tisa yakakaa sawa, na lile la arobaini mke wangu akalitoa nyuma ya rundo ambalo nimelipita mara mia. Akanitupia jicho, na kwenye lile jicho kulikuwa na kitu kama tabasamu. Nilikuwa mtu mwenye furaha kwa dakika tatu hivi.

Kisha, kaa-kaa-kaa. Mkandarasi akauliza hiyo ni nini. Nikasema upepo.

Katika mpango wangu nilisahau jambo moja. Milango hufunguka! Nilitegemea makomeo, na makomeo alishayala. Akakamata kitasa kwa mdomo, akakishusha, akatoka kistaarabu kama mtu anayetoka ofisini. Akapita katikati ya mkandarasi na mke wangu, akafika miguuni pangu, akatandaza mabawa, akachutama. Hapo hapo kwenye michoro. Nikamwambia kwa sauti ya chini aondoke. Akakaa kitambo. Alipoinuka pana yai.

Yai! Kubwa, limekaa juu ya sebule ya nyumba namba saba.

Mkandarasi akanipa mkono. Ng'ambo ya barabara Kipara amepanda juu ya mabati yake, anapiga makofi, anapaza sauti hongera baba, kafanana nawe!

Mke wangu alirudi hatua mbili, akamaliza kuandikiana na mkandarasi, akahakikisha madirisha yote yamepakiwa, akachukua mkoba wake. Kwangu hakutazama. Mauzo aliyamaliza. Ndiyo maana nilimwoa mimi.

Ijumaa, 15 Machi

Amekuja afisa wa wanyamapori na vijana wawili. Nikajua ni Kipara huyo. Nikamwambia afisa ninamjua vizuri mmbea wake. Akasema taarifa imeletwa na mama mmoja mwenye adabu sana, aliyejua hata urefu wa uzio.

Nimeonywa, nimepigwa faini. Nikaeleza ile hoja ya pori na picha. Afisa akasema wote huwa wanaeleza hivyo hivyo. Yule aliyemwiba akiwa yai kwenye kiota ndiye aliyemharibia, akasema, na mimi nikamalizia. Porini hawezi kurudi, watu ndio ndugu zake. Watampeleka kwenye kituo chenye mbuni wenziwe wanane. Huenda akawazoea. Huenda akakaa peke yake kwenye kona miaka yote, akisubiri mtu apite.

Lori aligoma kupanda. Wakamvuta, wakamsukuma, kijana mmoja akapigwa teke la paja. Mwisho nikapanda mimi kwanza, naye akanifuata bila ubishi. Nikashuka upande wa pili, wakafunga. Kichwa kikatokeza juu ya turubai kinanitafuta, mpaka lori likakata kona. Macho yakanitoka machozi. Vumbi la mabati ya Kipara.

Yai wamelichukua kama ushahidi.

Jumapili, 17 Machi

Amerudi! Mke wangu amerudi nyumbani, kwa miguu yake, bila kutumiwa mtu. Afisa alimpigia simu kumweleza, pamoja na habari za mimi kupanda lori. Inaelekea hiyo ndiyo iliyomlainisha. Ametengeneza chai, na sukari ilikuwa palepale siku zote. Tumeketi yadini kwenye milango miwili, hakuna anayetembea na uzio, hakuna anayegonga mdomo. Akacheka alipokumbuka ule mlango wa mninga. Akanitania kwamba mjane nimebaki. Mkono akauweka begani pangu.

Nikaona huu ndio wakati mzuri wa kusema. Nikamwambia, kwa nia safi kabisa na kwa faida ya rekodi, kwamba ndege wa porini, ndani ya wiki moja, amenitandazia mabawa mara ishirini na sita bila kuombwa. Yeye, ndani ya miaka kumi na tisa ya ndoa, sifuri. Silalamiki, nikasema. Ni takwimu. Naomba tu, kama haitamchosha, nikiingia nyumbani jioni anyanyue mikono kidogo.

Akaniuliza anyanyue vipi.

Nikaona bora nimwonyeshe. Nikasimama, nikakunja magoti, nikatandaza mikono, nikaitetemesha vizuri. Na mdomo nikaugonga, maana kitu ukikifanya kifanye kikamilifu. Kutoka ng'ambo nikasikia Kipara akimwita mkewe aje aone.

Begi lilikuwa bado halijafunguliwa, kwa hiyo hakuchukua muda. Yuko kwa dada yake tena, na shemeji amezima simu.

Sielewi kosa langu liko wapi. Nilikuwa tayari kumpa hadi mwezi wa sita ajifunze.