Suruali Zangu Zote kwa Kalaba

Jumatano, 5 Juni 1974

Mtihani wa ukapita, yaani usimamizi wa wafanyakazi, ni Jumatatu. Kampuni imetupa ruhusa ya kukaa nyumbani tusome. Kitabu changu cha usalama wa kiwanda cha shaba bado kinanuka upya. Leo nilikaa kusoma kweli. Nikaona mguu wa meza unacheza. Nikautengeneza. Kumbe kiti nacho! Jua likazama.

Nkandu, mke wangu, hakugomba. Alisema tu kwamba makapita wanapewa nyumba ya vyumba vitatu, na watoto wetu bado wanalala jikoni. Namshukuru kwa upole wake. Unauma kuliko matusi.

Alhamisi, 6 Juni

Jirani yangu Kalaba naye anafanya mtihani. Kila jioni anasoma kwa sauti, mtaa mzima unamsikia. Majivuno! Amenipima: shaba iliyoyeyuka ikimwagika sakafuni, utatia nini? Nikajibu maji, tena mengi. Akamshukuru Mungu kwamba hatufanyi zamu moja.

Lakini nimepata dawa. Adui yangu ni miguu. Nikifungua kitabu tu, inanipeleka kwenye pombe ya munkoyo ya mama Mukuka. Basi suruali zangu zote, na koti langu la abakosti juu yake, nimempa Kalaba azifungie hadi Jumatatu asubuhi. Asiye na suruali ataenda wapi? Atasoma. Akili ni mali!

Ijumaa, 7 Juni

Baridi kali. Bila suruali, kitandani ndiko kwenye joto. Nimelala na kitabu kifuani.

Jumamosi, 8 Juni

Salongo! Nilisahau salongo! Ni kazi ya umma ya lazima, kila raia na jembe lake, na asiyetokea atajieleza mbele ya chama. Kalaba alikuwa ametangulia, mlango kaufunga. Nikatoka na kitenge cha Nkandu, kile cha kuku wa njano. Citoyen Mwape, mkubwa wa seli yetu ya chama, alinitazama kuanzia juu hadi chini. Akasema, "Citoyen, weye utalima kule kwa bamama."

Bamama walicheka hadi majembe yakawaponyoka. Kisha Kunda, mke wa Kalaba, aliyechoshwa na kitabu cha usalama ambacho mumewe anakisoma kila jioni, akakigeuza wimbo wa jembe. Akaanza, "Shaba inamwangika, tutie nini?" Wote wakaitika, "Muchanga mukavu! Mayi hapana!" Nkandu aliitika kuliko wote, akinikazia macho. Tulichimba mfereji na kuimba sheria zote, mstari kwa mstari, hadi nikaweza kuitika peke yangu.

Sikustahili wema ule. Nililia, nikajifuta kwa pindo la kitenge.

Jumatatu, 10 Juni

Kalaba amenirudishia suruali, zimepigwa pasi. Mungu ambariki. Swali la kwanza: shaba imemwagika. Nikaimba moyoni. Msimamizi akaniomba nipunguze sauti.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepita! Kalaba pia, na amenishinda, lakini leo nampenda hata yeye. Nimewanunulia bamama wote munkoyo. Watoto wameshagombania chumba ambacho hatujakiona. Nkandu ameimba tangu asubuhi. Asante, asante, asante!

Mtihani wa makapita wakubwa ni Desemba. Nkandu ameuliza kama nitaanza kusoma leo. Nimemcheka. Ya nini? Sasa siri ninaijua: zikibaki siku chache, nampelekea Kalaba suruali.

Nkandu amekusanya vitenge vyake vyote, akavifungia sandukuni, ufunguo akautia shingoni. Sijui anaogopa wezi gani.