Maua Kumi na Tisa ya Bi Urakawa

Jumatatu, 4 Machi
Shule ilikwisha Ijumaa na tayari nimechoka. Mama anasema nisipopata kazi hapa kisiwani mwezi huu, nitapanda meli niende Osaka kwa shangazi, kiwandani. Kazi ninayoitaka ni moja tu: kwenye kinu cha Bi Urakawa, anakokamua mafuta ya mbegu za tsubaki, ule mti wa maua mekundu. Nafasi nayo ni moja. Kozue wa darasani kwetu anaitaka pia. Kozue huongea na watu bila kutetemeka.

Jumanne, 5 Machi
Bi Urakawa ameteleza ngazini. Amevunjika mbavu mbili. Kozue ameshamtembelea hospitalini, na machungwa. Mimi nitampelekea maua ya tsubaki, tena ya shambani kwake. Mama akauliza kama nina akili timamu. Ua la tsubaki halipukutiki petali moja moja. Hudondoka zima, kama kichwa kilichokatwa. Nani humpelekea mgonjwa kitu hicho? Hilo nalijua. Ndiyo maana nitayashona.

Jumatano, 6 Machi
Maua kumi na tisa, kila moja limeshonwa kwenye kijiti chake. Uzi wa kijani, hauonekani. Vidole vimevimba.

Alhamisi, 7 Machi
Wodini kuna joto. Niliweka maua mbele ya kitanda, nikasahau maneno yote niliyoyakariri. Ua la kwanza likaachia. Halikuanguka. Likaning'inia kwenye uzi, likazunguka polepole. Kisha la pili, la tatu.
Bi Urakawa akaniuliza, "Mjukuu wangu, hawa umewanyonga wewe?"
Nikamjibu ndiyo, bibi.
Akacheka mpaka mbavu zikamliza. Muuguzi akanitoa nje, akasema mgonjwa alikuwa aruhusiwe kesho, sasa basi tena.
Nimerudi nyumbani, nikalala mpaka jioni.

Jumamosi, 9 Machi
Kozue amekuja, uso umemshuka. Ametumwa. Bi Urakawa ataamua Jumatatu, akiwa bado kitandani. Bibi anasema mwenye subira ya kushona maua kumi na tisa angemfaa kuchambua mbegu. Sharti moja: nitulie nyumbani, nisimpelekee maua tena.
Maua. Mche hakuutaja.
Mama anasema mche wa chunguni ndio mbaya zaidi kwa mgonjwa, maradhi nayo huota mizizi. Nimemsikiliza kwa makini. Nimechimbua tsubaki ndogo nyuma ya nyumba, haina hata ua moja.
Mizizi nitaipunguza.