Daftari Langu la Kujuana Lililoshikiliwa Kituo cha Polisi

Kibanda cha Funguo,
Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi.
Jumamosi, baada ya chai.

Kwa Ndugu Mwezeshaji,
Semina ya Siku Moja ya Kujenga Mtandao wa Watu wa Maana,
Ukumbi wa ghorofa ya tatu, juu ya benki.

YAH: OMBI LA BARUA YA KUNISAFISHA JINA, PAMOJA NA MALALAMIKO YALIYOLIZAA

Mheshimiwa,

Kichwa hapo juu kinajieleza, lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mtu asikurupuke kuomba kabla hajasalimia. Kwa hiyo nakusalimu. Naamini hujambo, mkeo hajambo, na ile sauti yako iliyokuwa imekauka siku ya semina imerudi. Mimi kimwili sijambo. Jina langu ndilo mgonjwa mahututi.

Sidhani kama umenisahau, maana watu wakishaniona mara moja hupata taabu kunisahau. Nilikaa safu ya mbele, shati la maua, na ndimi niliyeuliza maswali tisa kabla ya mapumziko. Mimi ni fundi kufuli. Nachonga funguo, nafungua vitasa vilivyogoma, nabadilisha makufuli ya kila umbo. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimefungua kasha la chuma la bwana mkubwa ambaye sitamtaja, nimefungua gari bibi harusi akiwa ndani anatokwa jasho, na nimefungua mlango katika nchi ya watu ambao lugha yao sijui hata neno moja, wakanishukuru kwa kunikumbatia ukoo mzima. Shule sikufika mbali. Niliishia siku ile mwalimu wa hesabu alipojifungia stoo kwa bahati mbaya, nikamtoa kwa waya wa daftari. Baada ya hapo sikuona tena nani atanifundisha nini.

Pamoja na ujuzi wote huo, nilikuja kwako kwa moyo mweupe. Ulisimama mbele yetu ukasema, "Mtu asiyejulikana ni duka lililofungwa." Maneno hayo ukimwambia mshona viatu, atatikisa kichwa aendelee na kiatu chake. Ukimwambia fundi kufuli, umemtuma kazi.

Yaliyonipata baada ya hapo nayapanga kwa namba, ili yasomeke vizuri hata mbele ya hakimu.

1. Ulisema tusijisifu, tuwaulize watu habari zao, kwa sababu hakuna wimbo mtamu kama mtu kusikia habari zake mwenyewe. Kwangu mimi kutojisifu dakika tano nzima ni kama kubana chafya, ila nilijikaza. Ulipotupanga wawili wawili nilianza na mama mmoja meneja. Nikamuuliza anaishi wapi. Nyumba ya ghorofa au ya chini? Asubuhi anatoka saa ngapi? Nyumbani anabaki nani? Mbwa yupo? Mkali au anabweka tu? Mwanzoni alijibu akicheka. Kwenye mbwa akapunguza kucheka. Nilipomuuliza mlango wa nyuma una kitasa cha aina gani, akaukumbatia mkoba wake, akasema anaitwa. Nikageuka kutazama nani anamwita. Hakukuwa na mtu.

2. Ulisema binadamu husahau, kwa hiyo tuwe na daftari, na kila tunayekutana naye tuandike jina, kazi, familia, mazoea yake na jambo moja la kipekee. Nilinunua daftari gumu, nikalipigia mistari kwa rula. Kwa kuwa ulituambia kila mmoja aongeze safu inayohusu fani yake, mimi niliongeza mbili: "Aina ya kufuli" na "Uimara wake". Wiki tatu tu nikawa na watu arobaini na mmoja. Naomba usome mfano huu kwa utulivu: "Daktari wa meno. Mpole. Anaishi peke yake. Alhamisi na Ijumaa hayupo, huenda kumwona mama yake. Kitasa cha mbele kizuri. Cha nyuma ni aibu." Mwandishi wa maneno haya ni mwanafunzi wako aliyefaulu. Polisi wakiyasoma, wanaona kitu kingine.

3. Ulisema tufuatilie ndani ya siku mbili, kwa ujumbe mfupi unaoonyesha kwamba tulimsikiliza mtu kwa makini. Nilimwandikia yule daktari wa meno: "Habari daktari. Nilifurahi kukufahamu. Naamini safari ya Alhamisi iko palepale. Nakufikiria." Hakujibu. Nikakumbuka ulivyosema tusikate tamaa mapema, nikaandika tena: "Nimepita kwako, nimeona taa inawaka. Kumbe hujasafiri?" Nasikia sasa mama yake ndiye anayesafiri kuja kwake.

4. Hili si langu, ni la jirani yangu wa kibanda cha pili, seremala wa majeneza, uliyempa cheti siku ile ile. Yeye ni mtu wa haya, maneno matatu kwa siku. Umemharibu. Siku hizi akikutana na mtu anamuuliza wazazi wangali hai, wana umri gani, na kile kifua cha mzee kinaendeleaje. Baada ya siku mbili anafuatilia. Juzi karani mmoja alimfokea hapa mbele ya wateja wangu: "Baba yangu amepata nafuu, na wewe usinipigie tena." Seremala akamjibu kwa upole wote aliofundishwa, "Sawa kaka, hakuna haraka."

5. Hapa ndipo penye jipu. Ulisema, na nimepigia mstari, "Toa kabla hujaomba. Mwonyeshe mtu thamani yako bure, naye hatakusahau." Katika daftari langu mlikuwa na mama mhasibu, mtu mwema sana, ambaye mlango wake wa jikoni ulikuwa na kitasa cha kufunguliwa kwa kijiko. Nilimhurumia. Nikaona huyu ndiye wa kumpa bure. Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo kwa mujibu wa daftari hakuna mtu nyumbani, nilikwenda, nikafungua, nikaingia, sikugusa kitu. Niliweka tu kadi yangu juu ya meza ya kulia chakula, na karatasi yenye maneno haya: "Nimeingia kwa sekunde tisa. Mwizi mzembe angetumia ishirini. Karibu tuzungumze." Nikatoka, nikafunga. Nikafuta na miguu yangu kwenye kizingiti, maana mama yangu alinilea.

Nauliza kwa heshima: nani katika wanafunzi wako ametoa bure thamani kubwa kuliko hiyo?

6. Walinikamata kabla sijamaliza chai ya saa kumi. Walikuwa na adabu, na kadi yangu waliishika wao, kwa hiyo hawakusumbuka kuuliza njia. Kituoni sajini alifungua daftari walilonikuta nalo, akasoma kurasa mbili, akamwita mwenzake, wakasoma nne, wakaita wengine wakaleta viti. Akaniuliza katika mpango huu tuko wangapi. Nikajibu kwa fahari kwamba nimeshafikisha arobaini na mmoja, na lengo ni mia kabla ya mwaka kwisha. Akaniuliza mkubwa wetu ni nani. Mheshimiwa, nilikutaja wewe. Ningefanyaje? Ulisema tusisahau kamwe kumtaja aliyetufungulia njia.

7. Nimeachiwa kwa dhamana ya dada yangu, na kila Jumatatu saa mbili asubuhi naripoti kituoni. Sasa nieleze kinachoniuma, na hapa utani nauweka kando kidogo. Mtu anayeleta ufunguo wake kwangu ananiachia, anakwenda kazini, anarudi jioni kuchukua funguo mbili. Saa nane nzima nyumba yake iko mfukoni mwangu. Kufungua kufuli hata nyani akifundishwa ataweza. Kazi yetu ni kuaminiwa baada ya kufungua. Miaka ishirini na mbili hakuna aliyelala macho wazi kwa ajili yangu. Leo watu wanasimama mbele ya kibanda wananitazama nikichonga. Wiki hii wamekuja wateja wanne, mmoja wao alikuwa anauliza njia. Mwenye duka la vifaa, ambaye kibanda changu kimeegemea ukuta wake, ameniambia, "Fundi, mimi sikushuku. Lakini mwisho wa mwezi jina lako liwe safi, au ukuta wangu uwe mtupu." Na mama mkwe, niliyemtengenezea milango yote, nikiingia kwake siku hizi anasimama ghafla kama anayesikia wimbo wa taifa, mkono mmoja kwenye funguo.

Mke wangu ananisema kwa methali, na mke akishaanza methali ujue mazungumzo ya kawaida yamekwisha. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe ulikuwa unajiuza umekaa kwenye stuli. Nani alikutuma ukajitembeze?" Nikamwonyesha cheti. Akakisoma chote, akauliza kama kina dhamana.

8. Na hili la mwisho ni la kifikra, nimelipata mwenyewe nikisubiri benchi la kituoni. Zamani, kazi ikienda kwa kujuana, tulisema ni dhambi. Tulikunja uso, tukalaani, tukakosa kazi kwa heshima. Wewe umeichukua dhambi ile ile, ukaivalisha tai, ukaitolea cheti. Sikatai, nguo imeikaa. Ila mimi watu nilikuwa nawajua tayari. Mlinzi wa jengo la ofisi alikuwa ananiitia watu waliopoteza funguo. Mama muuza magazeti pia, na mfagizi wa benki. Uliponiambia nitafute watu walio juu yangu, niliacha kuwasalimia hao kwa wiki tatu, shingo ikiwa imeelekea ghorofani. Mlinzi aliniambia, "Fundi, siku hizi salamu zako zimepanda lifti." Nilicheka. Baadaye nikagundua kwamba yeye hakucheka.

KUTOKANA NA HAYO, naomba yafuatayo, bila hasira:

(a) Uandike barua yenye mhuri kwa Mkuu wa Kituo, ueleze kwamba daftari lile ni kazi ya nyumbani uliyonipa, kwamba kuuliza habari za mbwa ni adabu, na kwamba kule jikoni kwa mama mhasibu nilikuwa katika mafunzo kwa vitendo. Mkuu amesema barua hiyo ikifika, jalada linafungwa. Isipofika, linakwenda mahakamani. Hii ndiyo roho ya barua yangu. Mengine ukishindwa nitakusamehe.

(b) Nakala ya barua hiyo umpe mama mkwe, umsomee mwenyewe, kwa sauti ile ya jukwaani.

(c) Kwenye tangazo la semina uongeze mstari kwamba mafundi kufuli, watengeneza majeneza na, kwa tahadhari, wachinjaji wa kuku, wakae nyumbani wasubiri kuitwa.

(d) Watu wangu arobaini na mmoja uwachukue wewe. Wamo wengine wazuri sana, ni vile tu hawapokei simu. Mimi mtandao siutaki tena hata wa buibui. Nataka stuli yangu, mashine yangu na kelele yake.

Ada yangu sikudai. Chai ilikuwa nzuri.

Nisalimie yule dada aliyetugawia vitambulisho vya kifuani, mwambie changu bado ninacho, ndicho walichonipigia picha nacho kituoni. Msalimu fundi wa kipaza sauti. Msalimu bwana wa bima tuliyekaa naye meza moja, kama hajahama. Seremala naye anakusalimu, na anauliza wazazi wako wanaendeleaje, usimjibu. Dada yangu, mdhamini wangu, hakusalimu, lakini ni mtu mwema.

Ni mimi mwanafunzi wako, mtiifu kupita kiasi, ambaye sahihi yake utaitambua kwa kuwa ina umbo la ufunguo,

Fundi.

NYONGEZA, Jumatatu saa sita mchana, bahasha ikiwa bado mkononi: Asubuhi nimekwenda kuripoti, nikakuta kituo kizima kimeinama. Ufunguo wa kabati la vielelezo ulikuwa umekatikia ndani, na kesi nne zilikuwa zinasubiri mahakamani. Walikuwa wameshajaribu bisibisi, nyundo na maombi. Nimeomba nafasi, nimelifungua huku nikizungumza mambo mengine. Mkuu wa Kituo amenipa kazi ya vitasa vyote vya kituo na vya nyumba za askari, na akalitoa daftari langu humo kabatini, akaandika namba yake mwenyewe, akawa wa arobaini na mbili. Sajini ni wa arobaini na tatu. Mama mhasibu alikuwepo pia. Ameondoa malalamiko na anataka nimwekee kitasa kipya jikoni, kwa sababu anasema mtu wa kumzuia mwizi ni yule aliyewahi kuingia. Pale benchini nimefahamiana na wakili, karani wa mahakama, na bwana mwenye maghala sita aliyekuja kulalamika kwamba ameibiwa, maskini, na ambaye nimemuuliza maswali yote. Mwenye duka la vifaa ameona gari la polisi limekuja kunichukua kwa kazi, mimi nikiwa kiti cha mbele, na sasa ananiita jirani.

Kilichobaki katika jalada langu ni barua yako tu, na Mkuu anasema haina haraka: mpaka ifike, niendelee kuripoti kila Jumatatu kama kawaida. Kwa hiyo, mheshimiwa, pale kwenye (a), nakuomba kwa unyenyekevu mkubwa usiandike chochote. Wiki ijayo hakimu mwenyewe anapita pale benchini kukagua kituo, na nikishaonekana sina hatia, nitakwenda kituoni kufanya nini?