Baraza Iliyopimwa kwa Kilele

Wenzangu, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima hapa Voi, na aliyeanguka wala si mimi. Nawaandikia mapema nyinyi mlioko Wundanyi, kabla hamjasikia kwa wauza mboga (maana kwao mtaambiwa amevunjika kiuno).

Mnajua Baba Mghoi yuko Mombasa, kazi za bandarini. Mnajua pia kwamba nina mume wa likizo. Anakuja kwa gari moshi, analala nyumbani, na jioni zote zinaishia mjini. Anaoga, anavaa shati safi, anakwenda kukaa kwenye baraza ya hoteli karibu na stesheni, chai na wenzake mpaka giza liingie. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: hapa nyumbani akae wapi, na nje ni vumbi jekundu tupu? Sikumlaumu, vumbi la Voi mnalijua. Lakini unamngoja mtu miezi na miezi, kila treni ikipiga honi moyo unaruka, halafu akija unabaki kuangalia mgongo wake ukielekea mjini. Inauma, jamani. Nilikuwa namkumbuka hata akiwa yupo.

Basi nikaamua kumjengea baraza ya zege hapa hapa mlangoni.

Kwanza nilipima. Nikatoa nje viti viwili, chake na changu, na meza ya redio, nikavizungushia mstari wa majivu. Kisha nikakumbuka kwamba Baba Mghoi hakai kama watu. Akistarehe huegemea nyuma mpaka kiti kinabaki kwa miguu miwili. Nikasogeza mstari nyuma kidogo. Halafu nikasogeza kiti changu karibu na chake, nikafuta majivu ya upande ule. (Hapo nilikuwa nabana saruji. Msinitazame hivyo.)

Saruji nilinunua mifuko mitatu, nikaagana na mbuzi wangu. Mchanganyiko niliujua tangu tulipojenga darasa la harambee: karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Yule fundi wa darasa alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sana sisi akina mama. Kila karai ya mchanga ikifika, alipitisha ubao juu yake na kumwaga chini kilichozidi. Mtu umebeba mchanga kwa kichwa kutoka mtoni, yeye anaukwangua! Tulisema huyu baba ni mchoyo hata kwa vitu visivyo vyake. Nikaapa kwangu hakuna karai itakayokwanguliwa.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuja chote. Kokoto tulikuwa tumezigonga wenyewe kwa nyundo, mchanga tukautoa kwenye mto uliokauka. Na kila karai ilijaa mpaka ikatoa kilele. Mnajua kwetu: ukimpimia mtu mahindi yakaishia ukingoni mwa kopo, kesho hakusalimii. Jirani yangu Mama Wakesho alikuwa akiongeza mchanga kwa viganja na kuupigapiga usimwagike. Akasema kilele kile ni cha shemeji yake, Baba Mghoi.

Saruji, kwa kuwa ni ya kununua, tuliipima sawasawa na ukingo. Tena Mama Wakesho akaniomba bakuli moja akazibe tundu la panya. Mwingine jiko lake lilikuwa na ufa. Mngekuwa nyinyi mngewanyima, watu waliowabebea mchanga?

Tukamwaga, tukasawazisha, juu nikapaka uji wa saruji iliyobaki. Ikang'aa. Wiki nzima nilifukuza kuku. Niliifagia kila jioni na hakuna aliyeikanyaga. Nilikaa kizingitini nikatazama mahali kiti chake kitakapokuwa, mpaka nikaanza kumwona.

Leo akaja kweli. Suruali nyeupe, ile pana miguuni. Alipofika uani alisimama, akaweka mkoba chini.

"Hii ni yetu?"

"Ni yako," nikamwambia.

Hakuuliza shati la kwendea mjini. Akaketi. Nikamwagia chai, nikawasha redio, nikaketi kando yake, goti karibu na goti. Akina mama walikuwa wameshajaa uani, mmoja amekuja kuomba chumvi, wengine hawakujali hata kutafuta kisingizio. Sikuwajali. Niliwaza, sasa nami nina jioni yangu.

Ndipo akastarehe. Akaegemea nyuma.

Nilisikia kitu kama biskuti ikivunjika. Miguu ya nyuma ya kiti ikazama ndani ya baraza yangu, na Baba Mghoi akaenda chali, viatu juu, kikombe kizima cha chai kwenye suruali nyeupe. Redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo. Halafu Mama Wakesho akacheka, na wakacheka wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ilikuwa imeshapasukia kiti.

Kicheko sikukiogopa. Niliogopa atainuka, abadilishe nguo, aende zake hotelini. Akainuka kweli. Akaokota kipande cha zege, akakisugua kwa vidole, kikamwagika chote kama unga.

"Nani alipima mchanga?"

"Mimi."

"Ulisawazisha karai?"

"Sasa mimi nikupimie wewe bila kilele?"

Akacheka mpaka nguvu zikamwishia, akaketi chini. Kwenye vumbi lenyewe, na suruali ile ile! Wenzake walipopita kumwita aliwaambia ana kazi ya ujenzi. Akanieleza kwamba mchanga ukiizidi saruji zege halishikani, kwamba kesho tutaivunja tumwage upya, na kwamba zege linataka kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, juma zima, kabla mtu hajalikalia. Sikulijua hilo. Akasema kila jioni atanyunyiza yeye mwenyewe.

Juma zima, wenzangu, ndiyo likizo yake yote. Hapa ninapoandika bado ameketi vumbini mbele yangu, anasikiliza redio.

Kwa hiyo msicheke. Kesho nitapitisha ubao juu ya kila karai, anione kwa macho yake. Lakini na likizo ijayo nayo ina jioni zake, na akigeuka tu kufuata maji, mkono wangu siuwekei dhamana kwamba hautarudisha kilele.