Kamati ya Maneno Laini

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa kitengo cha madai anastaafu Ijumaa. Kiti chake kiko dirishani na kinazunguka. Lazima kiwe changu! Kikwazo ni Kipara wa meza ya pili, mtu anayependwa bila sababu ya maana na mwenye mdomo usio na breki. Nimempelekea bosi hoja: ofisi yetu ya bima itumie lugha isiyoudhi. Atakayemuudhi mwenzake atapika chai ya ofisi nzima. Bosi kakubali. Mimi ni mwenyekiti wa kamati. Wajumbe pia ni mimi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepiga marufuku "Kipara". Sasa ni "mwenzetu aliyepungukiwa nywele". Nikamwita hivyo mbele ya watu, kwa upole kabisa. Akanuna! Eti Kipara ni jina lake tangu shule, hata mkewe humwita hivyo, na nani kaniambia amepungukiwa? Kaudhika. Bosi akasema sheria ni msumeno. Nimepika chai. Mama wa chai alikaa kitako akinielekeza kwa kidole. Nilisahau majani.

Jumatano, 6 Machi
Sikati tamaa. Nimegundua barua zetu zimejaa neno "marehemu". Ukatili mtupu! Nimezirekebisha zote: "mteja wetu ambaye kwa sasa hayupo". Tarishi kazipeleka mchana huo huo. Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kuanzia leo yeye ni mshirika wangu wa maisha. Alifurahi mno. Akasema washirika hugawana kazi, akanikabidhi masufuria. Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu.

Alhamisi, 7 Machi
Kaja mjane na barua yake. Anataka kujua: kama mumewe hayupo kwa sasa, atarudi lini? Na huko aliko yuko na nani? Alimzika mwenyewe mwezi uliopita, na sisi tunamchezea? Nikamweleza kwamba tunaheshimu hisia zake. Akanirushia barua usoni, akaangua kilio. Nilitamani ardhi ipasuke. Kipara akamvutia kiti, akamwambia pole sana mama, mzee amefariki, na haki yako utapata. Mama akanyamaza. Akamshika mkono.

Ijumaa, 8 Machi
Kiti kapewa Kipara. Bosi anasema anajua kuzungumza na watu. Kuzungumza! Mtu asiyejua hata istilahi moja! Kwa sababu ya kumuudhi mjane, mimi nimepewa chai ya mwezi mzima. Kutoka jikoni namsikia Kipara akizunguka na kile kiti, na ofisi nzima inacheka.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu nimeliona: sheria zilikuwa chache mno. Jumatatu napeleka hoja kwamba kicheko nacho kinaudhi. Kikao cha kamati kitafanyika jikoni, maji yakishachemka.